Baba Mkwe Aliyetaka Kuzikwa Upesi

Nilipoolewa Kanja sikujua Kiembu. Mimi ni mtu wa Timau, kwenye baridi na mashamba makubwa ya ngano, na kwetu tunasema Kimeru. Watu wa mbali hudhani lugha hizi mbili ni kitu kimoja. Zinafanana, lakini kufanana si kuelewana, na wiki zangu za kwanza pale nyumbani nilikuwa natikisa kichwa kwa kila kitu. Mama mkwe akiniagiza jambo, naitikia, kisha naenda nyuma ya jiko kumwuliza mume wangu nimeitikia nini.

Aliyenirahisishia maisha ni baba mkwe. Ujana wake wote alikuwa Mombasa katika jeshi la wanamaji, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kilichonyooka, cha mtu anayesema "tafadhali nisogezee chumvi" hata kama chumvi iko karibu naye. Basi mimi na yeye tukawa tunaongea Kiswahili. Nilipokwisha kujua Kiembu vizuri, hata kufikia kugombana nacho sokoni, bado sisi wawili tuliendelea na Kiswahili. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimehamishiwa shule ya msingi ya pale karibu. Mimi nilimwita Baba.

Majirani walipenda kumwuliza habari za bahari, na alikuwa akiwakatisha tamaa. Wao walitaka mizinga na maharamia. Yeye alikuwa mpishi. Alifanya kazi katika jiko la meli ya doria, na hadithi zake zilihusu vitunguu: jinsi gunia la vitunguu lilivyofunguka siku ya mawimbi makubwa, wakakimbizana navyo chini ya meza mpaka jioni. Alisema miezi ya mwanzo alikuwa akitapika huku akisonga ugali, na kwamba hakuna aliyemwonea huruma kwa sababu wote walikuwa wanatapika. Alijua kuogelea kwa kulazimishwa. Bahari yenyewe alisema ni maji mengi tu, na kwamba jikoni hakukuwa na dirisha la kuyaangalia.

Muda wake wa jeshi ulipokwisha alirudi Kanja, akapewa na babake kipande cha shamba chenye mteremko mkali, akapanda kahawa. Baadaye alichimba matuta, akapanda majani ya nepia kwenye kingo zake ili udongo usishuke mtoni, na kule chini penye majimaji akaweka nduma, yale magimbi ya kwetu. Alifuga ng'ombe wa maziwa wawili au watatu, si zaidi. Kulipokuja miaka mibaya ya kahawa, jirani zake wengi waling'oa mibuni yao, na wengine wao walipata faida kweli kwa walichopanda badala yake. Yeye hakung'oa. Hakuwa na falsafa yoyote juu ya jambo hilo. Alisema mgongo wake hautakubali kung'oa mizizi ile, basi. Alipanda makadamia mpakani, na hiyo ndiyo iliyosomesha kitinda mimba wake.

Ulipozuka ule wazimu wa kufuga kware, mama mkwe alinunua kware wengi, akiamini mayai yao yatatutajirisha. Wanunuzi walipopotea, baba mkwe hakusema neno. Aliwapika. Tulikula kware wa kuchoma, kware wa mchuzi, kware wa nazi aliyoagiza kutoka mjini, mpaka mama mkwe mwenyewe akasema imetosha, amesikia.

Kupika kwake kulikuwa jambo la kuzungumzwa. Katika sehemu zetu mwanamume wa umri wake haonekani ameshika sufuria. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu ya mguu, na mume wangu alikuwa kazini Embu mjini. Nilikuwa nimelala chumbani nikijiuliza nitaamkaje kuwasha moto. Nikasikia mlango ukigongwa mara moja, kisha sauti ikienda mbali: "Mwalimu, chakula kiko kwenye stuli." Hakuingia. Kwa heshima yetu, baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, na hilo hakulivunja hata siku moja. Nilifungua nikakuta uji wa wimbi, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa safi, na ini la kukaanga. Alifanya hivyo mpaka nilipopata nguvu. Habari zikafika kwenye kiwanda cha kahawa, na wanaume waliokuwa wakingoja kupimiwa wakamcheka. Aliwajibu kwamba melini hakuna wake wa mtu, na waliokula walikuwa wanaume watupu, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani.

Alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli. Huyu alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Embu mjini, mtu wa mtaa wa Dallas, na alikuwa na bucha karibu na soko. Walikutana melini, watoto wa nyumba moja ya Embu wakakutana baharini, kama alivyosema mwenyewe. Mmoja alikata nyama, mwingine akaipika. Walitoka jeshini wakiwa wamepishana muda mfupi, na tangu hapo Jumamosi nyingi baba mkwe alikuwa akivaa koti, akienda mjini kukaa kwenye benchi la ile bucha. Walibishana. Kulikuwa na sufuria moja ya maharagwe iliyowahi kuzidi chumvi miaka mingi nyuma, na kila mmoja aliapa kwamba aliyetia ni mwenzake. Krismasi ikikaribia, rafiki yake alikuja Kanja kumchinja mbuzi wetu kwa mkono wake mwenyewe, ili naye apate kula. Watoto wangu walimwita Babu wa Nyama.

Mama mkwe alifariki mwaka ambao mwanangu wa pili aliingia shule ya upili. Alikuwa mtu wa watu, kiongozi wa akina mama kanisani, na mazishi yake yakawa makubwa. Mwili ulikaa mochari wiki mbili na zaidi. Kila jioni kamati ilikutana kwetu. Walijadili hema, vyombo vya muziki, mabasi ya kwaya, picha za kuweka kwenye ile karatasi ya ratiba, rangi ya vitambaa vya akina mama. Ndugu mkubwa wa mume wangu, ambaye hufanya kazi ya ulinzi Qatar, alikuwa akisubiriwa apate ruhusa. Mimi nilipika chai. Nadhani katika majuma yale nilipika chai nyingi kuliko maisha yangu yote.

Baba mkwe alikaa kwenye kiti karibu na zizi la ng'ombe. Watu walimsalimu wakipita, wakamwambia pole, wakaenda kwenye mkutano. Siku moja nilimpelekea kikombe, akaniuliza leo wamesema ni lini. Nikamwambia Ijumaa ijayo, si hii. Alikishika kikombe bila kunywa.

"Yule mama hakupenda baridi," akasema.

Ilikuwa kweli. Mwezi wa saba mama mkwe alilala na sweta mbili na soksi za mume wake. Nikabaki nimesimama pale mpaka nikaitwa jikoni.

Tulimzika vizuri. Watu walisifu sana. Baada ya wageni kuondoka, baba mkwe alikunja viti vya kukodi mwenyewe, akavipanga, akaingia kulala mchana.

Haukupita mwaka, simu ikaja asubuhi moja kutoka Dallas. Rafiki yake alikuwa ameanguka akijiandaa kwenda kufungua bucha. Aliyepiga ni mwanawe, na alisema watamzika alasiri ile ile. Mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo nikaenda na baba mkwe. Tulikuta ameshaoshwa, ameshavikwa sanda. Hakukuwa na hema wala spika. Watu walisimama, wakaswali, baba mkwe akiwa amesimama nyuma na kofia mkononi. Waliponyanyua jeneza, mmoja wa wale vijana alimpisha bega, naye akaingia akabeba hatua kadhaa kabla ya kupisha mwingine. Makaburini alitupia udongo kwa mikono. Alilia pale, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Jua lilipokuwa likielekea kushuka tulikuwa tumesharudi Kanja, na yeye anakamua ng'ombe.

Jambo lenyewe aliniambia wakati wa kuchuma kahawa. Ilikuwa Jumamosi, tumo shambani sote wawili, kila mtu na kikapu chake, yeye mstari huu na mimi ule. Alianza bila kugeuka.

"Mwalimu, nikifa msinipeleke mochari."

Nilimwambia asiseme habari za kufa tukiwa kazini. Akasema ndio wakati mzuri, mikono ina kazi.

"Mnizike kesho yake, ikishindikana kesho kutwa. Sanduku la mbao za kawaida. Mchungaji aombe, watu waimbe, mle mlichonacho, mwende shambani."

Nikamwuliza mbona ananiambia mimi, hali wanawe wapo. Alichuma kidogo kabla ya kunijibu. Alisema wanawe watataka kumfanyia mema, na mema yao yatachukua wiki mbili. Kisha akaongeza kwamba mimi nina tabia ya kusema jambo watu wakiwa hawataki kulisikia, na kwamba tabia hiyo imemkera mara nyingi lakini siku hiyo itafaa.

Nilimwambia mume wangu jioni hiyo. Alicheka kidogo, akasema mzee ana majonzi, yatapita. Mume wangu ni mtu mpole ambaye hupenda mambo yajimalize. Hatukulizungumza tena, na baba mkwe mwenyewe hakulirudia. Aliishi miaka mingine kadhaa, akiwa mkulima yule yule, polepole zaidi. Kwanza aliacha kushuka mtoni kwenye nduma. Halafu akaacha kupogoa kahawa, akawa anasimama na fimbo kumwonyesha kibarua tawi la kukata. Mwisho akawa anakaa barazani akichambua maharagwe. Miguu ilivimba, moyo ukachoka. Daktari wa mjini alituambia wazi kwamba dawa ni za kumpunguzia tu. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akawa anamwosha na kumgeuza. Mimi nilipika, na sasa nilikuwa mimi ninayeacha sahani mlangoni kwake.

Alifariki asubuhi, watoto wa shule wakiwa njiani. Mume wangu alitoka chumbani, akasimama uani, akaniambia, "Baba ameenda." Nikaingia kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande ambao hakulalia.

Habari zilienea kama kawaida. Kabla ya saa sita binamu mmoja alikuwa ameshafungua kundi la WhatsApp la mazishi na kuweka picha ya mzee akiwa na kofia yake ya jeshi. Wazee wa kanisa walifika, mchungaji akafika, na mtu akawa ameshapiga simu ya gari la kumpeleka mochari. Walikaa sebuleni wakianza kutaja majina ya kamati. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Mume wangu alikuwa amekaa, anaangalia mikono yake.

Nililiweka birika chini nikasema kwamba Baba aliagiza asipelekwe mochari, azikwe kesho au kesho kutwa. Nilisema kwa Kiembu, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kisha mzee mmoja akasema kwa upole kwamba wagonjwa husema mengi. Nikamwambia hakuwa mgonjwa, alikuwa anachuma kahawa. Mwingine akauliza nani mwingine aliyesikia. Ndipo mchungaji aliponiuliza, na naamini hakuuliza kwa ubaya:

"Mwalimu, tuambie ukweli. Mzee alisilimu?"

Wote walikuwa wanajua urafiki wake wa mjini. Niliona vichwa vikigeuka. Nikasema hapana, aliagiza mchungaji aombe na watu waimbe, wewe mwenyewe ulimpa meza ya Bwana mwezi uliopita hapa barazani. Nikasema alichoona ni mama akikaa kwenye barafu wiki mbili sisi tukichagua rangi ya vitambaa. Hapo nikajua wengine watasema mke wa Timau amekuja kutawala boma la watu.

Simu ya mume wangu ikalia. Alikuwa kaka yake, kutoka Qatar. Mtu alikuwa ameshamwandikia. Mume wangu aliiweka kwenye spika bila kukusudia, au labda alikusudia, sijawahi kumwuliza.

"Msimguse mpaka nifike," kaka akasema. "Nimeomba ruhusa. Mimi ndiye mkubwa."

Mume wangu aliisogeza simu karibu. Mimi nilikuwa tayari kwa jibu lake, kwa sababu namjua. Nilidhani atasema sawa.

"Kaka," akasema, "nimemwosha miezi minne. Najua alivyotaka. Tutamzika kesho kutwa."

Kaka alisema maneno ambayo sitayaandika, kisha simu ikakatika. Mume wangu akainuka, akaenda kumtafuta naibu wa chifu kwa ajili ya kibali cha kuzika. Gari la mochari lilipofika langoni, mimi nilienda kulirudisha.

Siku mbili zile hatukulala vya kutosha, lakini hazikuwa na mkutano. Fundi wa mbao wa pale sokoni alitengeneza sanduku. Majirani walikuja kuchimba kaburi kando ya lile la mama mkwe, na asubuhi ya pili pikipiki zikaleta watoto wa yule rafiki wa Dallas, wale wenye bucha sasa. Walivua mashati wakaingia shimoni kwa zamu pamoja na vijana wa kanisa. Walikuwa wameleta nyama, wakaikata wenyewe nyuma ya jiko. Wanajeshi wastaafu wawili walifika, mmoja kutoka upande wa Meru, wamevaa kofia zao. Wangekuja zaidi kama wangepewa muda, waliniambia hivyo, na nikakubali kwamba ni kweli. Kwaya ilikosa waimbaji wengi. Wajukuu waliokuwa shule za bweni za mbali hawakufika wote. Binti yangu mwenyewe alifika wakati tunafunika kaburi, na hilo bado linamwuma, na linaniuma mimi.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi na vizuri. Alisema marehemu alijua kuandaa meza. Tukala. Alasiri watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mume wangu akaenda kukata nepia kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia.

Kundi la WhatsApp liliendelea bila sisi kwa majuma kadhaa. Wengine walisema tulificha kitu. Wengine walisema tulibania gharama. Shangazi mmoja wa mume wangu alikataa chai yangu mwaka mzima. Sikujitetea sana, maana ningejitetea ningelazimika kueleza kila mtu habari za sweta na soksi, na hizo ni habari za nyumbani.

Kaka alikuja mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika. Hakulala kwetu, alichukua chumba Embu mjini. Aliandaa ibada ya ukumbusho, akaleta hema kubwa, spika, kwaya kamili, na wanamaji wastaafu wakajaa mabasi mawili. Nilipika pamoja na akina mama wengine, na sikuona ubaya wowote katika siku ile. Ilikuwa nzuri. Nadhani hata baba mkwe angeifurahia, kwa kuwa wakati huo yeye alikuwa ameshalala mahali pake na hakuwa akimngoja mtu.

Kesho yake kaka alikuja peke yake, asubuhi, akiwa na viatu vya mjini. Mume wangu alikuwa ameenda kupeleka maziwa. Nilimkaribisha barazani. Alikaa pale pale babake alipokuwa akichambua maharagwe, ingawa yeye hakujua.

"Shemeji, ungeningoja," akasema.

"Ningependa," nikamjibu. "Alikataa."

Alitazama kahawa kwa muda mrefu. Nilidhani tutaanza upya yale ya simu, nikajiandaa. Badala yake aliniuliza siku ya mwisho babake alikula nini.

Nikamwambia jioni ile alitaka nduma na chai isiyo na sukari. Nilizichemsha, nikaziweka mlangoni, mume wangu akamlisha. Alikula kipande kimoja na nusu. Alisema hazijaiva sawasawa.

Kaka alicheka, kicheko kilichomshtua mwenyewe, kisha akajifuta uso kwa mikono miwili. Aliniuliza nduma hizo zilitoka wapi. Nikamwambia kule chini mtoni, bado zipo. Akauliza kama njia ni ile ile ya zamani. Nikamwambia inateleza siku hizi, avue viatu vile, nikamtafutia gambuti za mume wangu, na tukashuka.